Utangulizi: Mkatoliki na Biblia Isiyo na Idhini ya Kanisa

Katika semina za Biblia parokiani kuna swali ambalo haliulizwi ukumbini. Husubiri mapumziko ya chai. Anayeuliza huja na Biblia yake kwapani, yenye jalada la zipu, mistari yake imepigwa kalamu nyekundu na kurasa zimewekwa alama kwa vipande vya karatasi, kisha husema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hii yangu inaruhusiwa?" Mara nyingi ni Union Version, tafsiri ya Waprotestanti. Alipewa zawadi ya harusi, au ameirithi kwa mama aliyekuwa Mlutheri kabla ya kuolewa, au aliinunua kwa muuza vitabu kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo mezani siku hiyo. Amesali nayo miaka mingi. Sasa ameambiwa kwamba Mkatoliki hasomi Biblia isiyo na idhini ya Kanisa, na anaogopa kwamba muda wote huo alikuwa akikosea.

Ninaandika utangulizi huu kwa ajili yake, kwa ajili ya katekista anayetakiwa kumjibu, na kwa ajili ya mwanafunzi wa seminari au chuo aliyekwisha kuhisi kwamba nyuma ya swali hilo kuna taaluma nzima. Karibuni. Taaluma hii haina jina moja lililokubaliwa na wote. Inakaa pale ambapo sheria za Kanisa, historia ya tafsiri, uchunguzi wa hati za kale, liturujia na uekumene vinakutana, na huo ndio utamu wake. Anayejua sheria peke yake atajibu haraka na kumwacha muulizaji na hofu ile ile; anayejua Kigiriki peke yake atamweleza vizuri habari ya nakala na kusahau kwamba mtu huyu anataka kujua kama bado yuko ndani ya nyumba yake.

Nianze na jibu, ili asiye na muda aondoke nalo. Hakuna sheria ya Kanisa Katoliki inayotumika leo inayomkataza muumini kusoma tafsiri ya Biblia kwa sababu tu haina idhini. Sheria inayohusika ni kanuni ya 825 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983. Kifungu chake cha kwanza kinataka vitabu vya Maandiko Matakatifu visitolewe bila kukubaliwa na Kiti Kitakatifu au na Baraza la Maaskofu, na tafsiri zake nazo zikubaliwe na mamlaka hiyo hiyo na ziwe na maelezo ya kutosha. Kifungu cha pili kinawaruhusu Wakatoliki, kwa kibali cha Baraza la Maaskofu, kuandaa na kutoa tafsiri pamoja na Wakristo wa madhehebu mengine, zikiwa na maelezo yanayofaa. Isome kanuni hiyo polepole na utaona inasema na nani. Inasema na mtafsiri na mchapaji. Msomaji hatajwi.

Kwa hiyo mtu wetu wa mapumziko ya chai hakutenda dhambi. Aendelee kuisoma Biblia yake. Naamini pia kwamba anapaswa kuwa na Biblia yenye idhini karibu nayo, na sababu zangu hazitokani na woga. Kuzieleza ndiyo kazi ya kurasa zinazofuata, maana asiyejua idhini ilikuja kufanya nini ataiogopa bure au ataidharau bure, na katika parokia zetu nimeona yote mawili.

Kwanza tuwatendee haki wazee wetu. Babu anaposema padre wa zamani alikataza Biblia za Waprotestanti, hasimulii ngano. Mkusanyo wa sheria wa mwaka 1917, katika kanuni ya 1399, uliziweka tafsiri za Biblia zilizofanywa au kutolewa na wasio Wakatoliki miongoni mwa vitabu vilivyokatazwa. Kanuni ya 1400 iliwafungulia mlango wale waliokuwa wakijishughulisha na masomo ya teolojia au ya Biblia, ilimradi kitabu kiwe kimetolewa kwa uaminifu na kikamilifu, na dibaji wala maelezo yake yasishambulie mafundisho ya imani. Mseminari angeweza kuisoma Biblia ambayo mama yake kijijini alikatazwa. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1966. Tarehe 14 Juni mwaka huo, Usharika wa Mafundisho ya Imani ulitangaza kwamba orodha maarufu ya vitabu vilivyokatazwa haina tena nguvu ya sheria, ingawa bado inaizindua dhamiri ya Mkristo kuwa macho na maandishi yanayohatarisha imani na maadili. Novemba 15, amri nyingine iliifuta kanuni ya 1399 yenyewe. Waliobatizwa na kufundishwa kabla ya hapo walifundishwa sheria ya wakati wao, na wengi hawakuwahi kuambiwa rasmi kwamba imebadilika.

Kama nyuzi za historia hii ni nyingi, mimi huwashauri wanafunzi washike mmoja: waulize, katika kila enzi, kibali kilikuwa mkononi mwa nani? Mwaka 1564, miezi michache baada ya Mtaguso wa Trento kufungwa, Papa Pius IV alitoa orodha ya vitabu vilivyokatazwa pamoja na kanuni zake kumi. Ya nne ilihusu Biblia katika lugha za watu. Ilitaka msomaji mwenyewe apate ruhusa ya maandishi kutoka kwa askofu au hakimu wa mambo ya imani, kwa ushauri wa paroko au padre muungamishi, hata kama tafsiri ilikuwa kazi ya Mkatoliki. Karatasi ilikuwa ya mtu. Mwaka 1757, chini ya Papa Benedikto XIV, mambo yaligeuka: tafsiri zilizokubaliwa na Kiti Kitakatifu, au zilizotolewa na maelezo yaliyochukuliwa kwa Mababa wa Kanisa na wataalamu Wakatoliki, zikaruhusiwa. Sasa karatasi ikawa ya kitabu. Sheria ya 1917 ilishika pande zote mbili, kitabu na msomaji. Ile ya 1983 imebaki na kitabu tu. Safari hiyo ya karne nne, kutoka mkononi mwa msomaji hadi nyuma ya ukurasa wa jina, ndiyo inayoeleza kwa nini watu wawili wa parokia moja, mmoja mwenye umri wa miaka themanini na mwingine ishirini, hupeana majibu yanayopingana, kila mmoja akiamini anasema kwa sauti ya Kanisa.

Mgeni katika taaluma hii huja na masimulizi mawili yaliyozoeleka, na yote yanahitaji kuchunguzwa. La kwanza ni kwamba Kanisa Katoliki lilificha Biblia hadi Luther alipoifungua. Johannes Mentelin alichapa Biblia nzima ya Kijerumani mjini Strasbourg mwaka 1466, na kufikia Septemba 1522, Luther alipotoa Agano lake Jipya, Biblia kumi na nane za Kijerumani zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Waitaliano walikuwa na ya kwao, iliyochapwa Venice mwaka 1471. Uingereza ndiko mambo yalikobanwa mapema, kwa maagizo ya Askofu Mkuu Arundel mwanzoni mwa karne ya 15 yaliyokataza tafsiri mpya bila kibali cha askofu. Makatazo yalitofautiana kwa nchi na kwa wakati, na anayetaka kuyaelewa lazima ajue ni fitina gani iliyokuwa ikiwaka mahali hapo.

Simulizi la pili ni la upande wetu, nalo linadai kwamba Wakatoliki hawakuwahi kugusa kazi ya watafsiri walio nje ya Kanisa. Hieronymus Emser, padre wa Ujerumani na mpinzani mkali wa Luther, alitoa Agano Jipya la Kijerumani mwaka 1527 ili Wakatoliki wasilazimike kusoma la Luther. Ukiliweka kando ya lile la Luther utaona sentensi baada ya sentensi zimechukuliwa humo humo, zikasahihishwa kwa kufuata Vulgata, Biblia ya Kilatini ya Kanisa, na kuongezewa maelezo. Luther alilalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika. Mkopo ulikwenda upande wa pili pia: waliotafsiri Biblia ya Mfalme James mwaka 1611 walikuwa na Agano Jipya la Wakatoliki Waingereza lililotolewa Reims mwaka 1582, na alama zake zinaonekana katika kazi yao. Watafsiri wamekuwa wakisomana hata katika miaka ambayo wafuasi wao hawakusalimiana.

Hakuna habari inayonifundisha zaidi katika uwanja huu kama ile ya Oea, mji wa Afrika Kaskazini ambao leo ni Tripoli nchini Libya. Augustino, askofu wa Hippo, alimwandikia Hieronimo habari hiyo mwanzoni mwa karne ya 5. Askofu mmoja alikuwa ameanza kutumia kanisani tafsiri mpya ya Kilatini ambayo Hieronimo aliifanya kutoka Kiebrania. Somo lilipofika kwa nabii Yona, pale Mungu anapootesha mmea wa kumpa kivuli, waumini walisikia jina la mmea tofauti na lile walilolikariri tangu utoto. Ghasia zikazuka, hasa miongoni mwa Wagiriki. Askofu akaenda kuwauliza Wayahudi wa mji ule, nao wakasema Kiebrania kinakubaliana na maneno ya zamani. Ilimbidi arekebishe, la sivyo angebaki kanisani peke yake. Augustino hakumwandikia rafiki yake ili kumcheka. Alikuwa na wasiwasi wa kweli: angependelea Hieronimo atafsiri kutoka tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale iitwayo ya Sabini, maandiko ambayo Makanisa yote yaliyajua. Hieronimo alimjibu kwa ukali na hakubadili neno.

Sasa fikiria kilichofuata. Papa Damaso alimwomba Hieronimo mwaka 382 arekebishe Injili za Kilatini, lakini Damaso alifariki mwaka 384, na tafsiri ya Agano la Kale kutoka Kiebrania Hieronimo aliifanya kwa hiari yake, bila agizo la papa yeyote. Ilisambaa kwa kunakiliwa, ikapingwa, ikazoeleka, ikapendwa. Zaidi ya miaka elfu moja ilipita kabla ya Mtaguso wa Trento, tarehe 8 Aprili 1546, kutamka kwamba Vulgata ni tafsiri rasmi ya Kanisa la Kilatini. Watawa wote waliokesha nayo, walimu wote wa Paris na Bologna, Thoma wa Akwino mwenyewe, walisoma tafsiri ambayo hakuna mtaguso uliokuwa umeipigia muhuri. Kanisa liliijua kwa kuisali kwanza, kisha likaitambua kwa tamko. Sisemi hivyo ili kuipunguzia idhini uzito. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ninavyoelewa kazi yake: idhini ni ushuhuda ambao Kanisa linautoa juu ya maandishi fulani, kwamba limeyapima na limeisikia ndani yake imani yake. Maandishi yasiyo na ushuhuda huo yanaweza kuwa mabaya. Yanaweza pia kuwa mazuri ambayo hayajapimwa, au ambayo aliyeyatoa hakuwahi kuomba yapimwe.

Mfano wa mwisho huo tunao katika karne iliyopita. Waprotestanti wa Marekani walitoa tafsiri ya Kiingereza iitwayo Revised Standard Version, Agano Jipya mwaka 1946 na Biblia nzima mwaka 1952. Wataalamu Wakatoliki wa Uingereza waliiona ni nzuri, wakaomba kibali cha kuitoa kwa ajili ya Wakatoliki. Toleo lao la Agano Jipya lilitoka mwaka 1965, na Biblia nzima mwaka uliofuata. Waligusa mahali pachache tu katika Agano Jipya, kama salamu ya malaika kwa Maria, wakairudisha ndani ya maandiko habari ya mwanamke aliyefumaniwa katika Yohane sura ya 8, ambayo watafsiri wa kwanza walikuwa wameishusha chini ya ukurasa. Mwaka huo huo wa 1966 lilitokea jambo kubwa zaidi. Kardinali Richard Cushing wa Boston alitoa idhini yake kwa toleo la tafsiri hiyo lililotolewa na Oxford likiwa na maelezo, na humo maneno ya tafsiri yenyewe hayakubadilishwa. Kazi ya Waprotestanti ilisomwa, ikapimwa, ikapata muhuri wa Kikatoliki jinsi ilivyo. Usiku wa kuamkia siku ya muhuri ule, tafsiri hiyo haikuwa na idhini. Asubuhi ilikuwa nayo. Hakuna herufi iliyohama.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndio uliofungua njia hiyo. Hati yake juu ya ufunuo wa Mungu, Dei Verbum, iliyotangazwa tarehe 18 Novemba 1965, ilitaka mlango wa Maandiko uwe wazi kwa waumini wote, na katika namba ya 22 ikasema tafsiri zilizoandaliwa pamoja na Wakristo wengine, zikikubaliwa na mamlaka ya Kanisa, zinaweza kutumiwa na Wakristo wote. Mwaka 1968 Kiti Kitakatifu na Umoja wa Vyama vya Biblia vikatoa mwongozo wa pamoja wa kazi hizo, ukapitiwa upya mwaka 1987. Wafaransa walijaribu mapema kwa namna ninayoiheshimu sana: kabla ya kuitafsiri Biblia yote pamoja, walianza na Waraka kwa Warumi, waraka uliowagawa Wakatoliki na Waprotestanti kuliko mwingine wowote. Walisema, kama hapa hatuafikiani, tusijidanganye kwingine. Warumi ilitoka mwaka 1967. Agano Jipya likafuata mwaka 1972 na Agano la Kale mwaka 1975. Wasomaji wangu wa Bukavu na Lubumbashi wanaosoma Kifaransa wanaijua kwa kifupi chake, TOB.

Chini ya yote haya kuna jambo ambalo waumini wengi hawajawahi kuambiwa. Mwaka 1943 Papa Pius XII aliwahimiza wataalamu Wakatoliki warudi kwenye lugha za asili. Tangu hapo watafsiri wetu na wa Waprotestanti wamekuwa wakikaa mbele ya maandiko yale yale ya Kiebrania na Kigiriki. Agano Jipya la Kigiriki la Vyama vya Biblia lilihaririwa na kamati ndogo ambamo, pamoja na Waprotestanti kama Kurt Aland na Bruce Metzger, alikuwemo Mjesuiti Carlo Maria Martini, baadaye Kardinali na Askofu Mkuu wa Milano. Kwa hiyo Biblia mbili za kisasa, moja ina muhuri na nyingine haina, zinaweza kuwa zimechota mstari ule ule kutoka ukurasa ule ule.

Tuje nyumbani. Kwa Kiswahili, waliotangulia kutoa Agano Jipya lote na kisha Biblia yote kwa chapa ni wamisionari wa Kianglikana na wenzao. Kazi ya Askofu Edward Steere huko Unguja ilizaa Agano Jipya mwaka 1879 na Biblia nzima mwaka 1891. Mombasa nayo ikapata Biblia ya Kimvita mwaka 1914. Karl Roehl, Mlutheri, alitoa yake mwaka 1937. Union Version ya mwaka 1952 ilikusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa Kiunguja na wa Kimvita, na ilifanikiwa kiasi kwamba lugha yake imeingia katika hotuba, nyimbo na misemo ya watu wasiojua hata jina lake. Mkatoliki wa Tanzania au Kenya anayesema hajaguswa nayo hajisikilizi anapozungumza.

Je, ni tafsiri inayompotosha Mkatoliki? Chukua neno "mapokeo", kwa kuwa ni moja ya nguzo za tofauti zetu na Waprotestanti. Katika Marko sura ya 7 Yesu anawakemea wanaoshika mapokeo ya wanadamu. Katika Wathesalonike wa Pili, sura ya 2, Paulo anawataka Wakristo wayashike mapokeo. Kigiriki kina neno lile lile mahali pote pawili. Toleo maarufu la Kiingereza la New International Version limeandika mapokeo pale yanapokemewa, na mafundisho pale yanaposifiwa. Msomaji wake asiyetazama maelezo ya chini ya ukurasa hana namna ya kujua kwamba Paulo alitumia neno lile lile. Union Version yetu, kazi ya Waprotestanti isiyo na muhuri wa Kikatoliki, imeandika mapokeo kote kuwili. Huo ni uaminifu, na tuseme hivyo waziwazi. Anayefundisha kwamba kila tafsiri isiyo na idhini imepindishwa makusudi anawasingizia watu waliokwisha kufa wakiwa wamefanya kazi safi.

Kasoro yake kwa Mkatoliki iko kwingine, nayo ni kubwa. Fika kwenye jumuiya ndogo ndogo siku ambayo somo linatoka Yoshua bin Sira. Kiongozi anataja sura na mstari. Wenye Biblia yenye vitabu 73 wanafungua. Wenye ile ya vitabu 66 wanapekua kuelekea Malaki, wanakuta Mathayo, wanarudi nyuma, wanatazama orodha ya vitabu, kisha wanasogea kwa jirani. Kijana mwenye simu anaandika jina la kitabu na programu inamwambia hakipo. Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, Wamakabayo wawili, na sehemu za Esta na Danieli: msomaji wa Union Version peke yake hajawahi kukutana navyo isipokuwa kwa masikio, kanisani. Anazika mzazi wake, anasikia Kitabu cha Hekima kikisema habari za roho za wenye haki, anafarijika, anafika nyumbani kukitafuta, hakioni. Anabishana na jirani juu ya kuwaombea marehemu, anajua kuna mahali katika Wamakabayo, hana pa kuonyesha. Hilo ndilo pengo, na halizibwi kwa usahihi wa vitabu vilivyomo.

Pengo la pili ni maelezo. Sheria inayataka kwa sababu Maandiko ni magumu na Kanisa limekaa nayo muda mrefu. Anayesoma habari za ndugu wa Yesu katika Marko sura ya 6 bila msaada wowote atajitungia jibu, au atapewa na wa kwanza kubisha hodi. Maneno mawili matatu chini ya ukurasa yangemwonyesha namna Wakristo wa mwanzo walivyolielewa jambo hilo. Kuna pia usumbufu mdogo, kama hesabu za Zaburi kutofautiana kwa namba moja katika baadhi ya matoleo, ambao huisha ukielezwa mara moja.

Biblia Habari Njema, iliyotolewa na Vyama vya Biblia vya Tanzania na Kenya kwa ushirikiano wa Makanisa, inatufundisha kitu kingine. Inapatikana katika matoleo mawili, moja lenye vitabu hivyo vinavyokosekana katika Union Version, viitwavyo deuterokanoni, na jingine lisilo navyo. Tafsiri ni ile ile na lugha ni ile ile. Jina kwenye jalada halitoshi kumwambia mnunuzi alichoshika. Afungue orodha ya vitabu, kisha ageuze ukurasa wa jina atazame nyuma yake, mahali ambapo wachapaji huweka maneno ya Kilatini: nihil obstat, ya mkaguzi anayesema hakuona kizuizi, na imprimatur, ya mwenye mamlaka anayeruhusu kuchapwa, pamoja na jina lake na tarehe. Atambue pia kwamba kabla ya sheria ya 1983 askofu mmoja aliweza kutoa idhini hiyo kwa Biblia, na baada yake ni Baraza la Maaskofu au Kiti Kitakatifu. Ndiyo maana mihuri ya vitabu vya zamani na ya vipya haifanani, na wa zamani haujaharibika.

Hadi hapa nimezungumzia tafsiri ambazo zina upungufu kwa Mkatoliki lakini zinakiri imani ya Utatu. Zipo nyingine. Tafsiri ya Ulimwengu Mpya ya Mashahidi wa Yehova, katika mstari wa kwanza wa Injili ya Yohane, inamwandika Neno kuwa mungu kwa herufi ndogo, na katika Agano Jipya inaweka jina Yehova mahali ambapo hati za Kigiriki tulizo nazo zina neno la kumaanisha Bwana. Hapo maamuzi ya mtafsiri yanabeba fundisho zima kuhusu Kristo ni nani. Sina dharau kwa majirani zetu wanaoitumia. Wengi wanaisoma kwa bidii inayotutia aibu. Lakini simshauri Mkatoliki aitumie kwa sala wala kwa kujifunza imani. Anayehitaji kuijua ili azungumze nao kwa haki aisome akiwa na Biblia yake pembeni, na ikiwezekana na mtu anayejua Kigiriki. Kanuni ya 823 inawapa wachungaji wajibu na haki ya kuonya juu ya maandishi yanayodhuru imani, na tamko la Juni 1966 liliiacha dhamiri ikiwa macho hata baada ya sheria kuondoka. Uhuru wa msomaji unakaa ndani ya mambo hayo mawili.

Mahali pengine uchaguzi si wa msomaji kabisa. Katika Misa, masomo hutoka katika vitabu vya liturujia vilivyokubaliwa, na msomaji hapandi mimbarini na Biblia yake, hata kama anaipenda kuliko ile, hata kama ina muhuri. Sababu inarudi Oea: watu wanaosali pamoja wanahitaji kukariri pamoja. Na kuna mahali pamoja ambapo Kanisa linamwambia muumini binafsi atumie maandishi yaliyokubaliwa, nako ni kwenye kitabu cha rehema. Anayesoma Maandiko kwa heshima kwa muda usiopungua nusu saa hupewa rehema kamili, kwa masharti ya kawaida, na toleo la mwaka 1999 linataja kwamba andiko liwe limekubaliwa na mamlaka husika. Wanafunzi wangu hushangaa kusikia hivyo. Ni jambo dogo kisheria, lakini linaonyesha Kanisa linatamani nini: kwamba muumini anaposoma kwa sala, asome kile ambacho Kanisa limekishuhudia.

Maswali yaliyobaki wazi ni mengi, na ninawaachia mnaoingia. Kanuni ya 824 inasema yanayosemwa juu ya vitabu yanahusu pia maandishi yoyote yanayokusudiwa kuwafikia watu wote. Je, programu ya simu yenye tafsiri ishirini, tatu zina idhini na kumi na saba hazina, tuiiteje? Maandishi yake hubadilishwa usiku bila mtu kuona. Muhuri uliotolewa kwa toleo la jana unafika wapi? Kiswahili cha Kongo kina wasomaji wengi na Union Version si lugha yao ya sala. Ni nani atawatafsiria, na Baraza lipi litapima? Hata kazi ya kueleza jinsi Wakatoliki wa pwani na bara walivyoishi na Biblia za Waprotestanti, kabla na baada ya 1966, inasubiri mtu wa kukaa na wazee na kuwasikiliza kabla hawajaondoka.

Anayeanza namshauri hivi. Asome kwanza sura ya sita ya Dei Verbum, namba 21 hadi 26. Ni kurasa chache na zinasomeka kwa jioni moja. Asome kanuni za 822 hadi 832 kwa mpangilio wake, ili aone 825 inakaa katikati ya nini. Kisha achukue Biblia yenye idhini na Union Version, aziweke meza moja, na asome Waraka kwa Warumi katika zote mbili, sura kwa sura, akiandika kila mahali zinapoachana na kila mahali zinapokutana.